Slomosheni ya mawimbi kwa simu ya kawaida

Vijana wanaopiga video pale Coco Beach huniuliza simu gani inafika fremu 960 kwa sekunde. Jibu langu huwaudhi: kwa mawimbi yetu ya Dar, fremu 60 zinamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Sababu ni mvutano wa dunia. Dondosha nazi kutoka mita 1, itatua baada ya sekunde 0.45 hivi. Kutoka mita 4, sekunde 0.9. Urefu umeongezeka mara nne, muda mara mbili tu. Maji ya wimbi linalovunjika nayo yanaanguka hivyo hivyo, na jicho linalijua hilo hata kama mwenye jicho hakusoma fizikia: likiona maji yanashuka taratibu, linaamini wimbi ni kubwa. Ukirekodi fremu 60 na kuonyesha 30, kasi imepungua nusu, na wimbi la kiunoni linaanza kufanana na la mita 4. Shusha simu karibu na usawa wa maji, upeo wa bahari ujifiche nyuma ya wimbi. Anayekuharibia ni mtelezaji wa mawimbi mwenyewe akisimama wima, maana yeye ndiye rula ya kupimia wimbi. Mchukue akiwa amechuchumaa, au kamata miguu na ubao tu.

Fremu 120 naziweka kwa mkono unaogusa ukuta wa maji, au ubao unapogeuka. Zile 240 ni za matone. Sekunde 1 inakuwa 8, na nani ana subira hiyo? Kuhusu 960, simu nyingi huzitunga fremu za katikati badala ya kuzirekodi. Kwenye povu utaona kingo zinayeyuka.

Kinachogharimu hasa ni mwanga, na huo ni bure ukijua saa. Fremu 120 zinataka shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/240 au kasi zaidi. Mimi hupanda hadi 1/1000 nikitaka matone yakatike vizuri. Alfajiri simu haiwezi, picha inajaa chenga. Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko mbele yako: utapata vivuli vyeusi na maji yanayong'aa kwa ndani, kazi nzuri ukiipenda. Alasiri jua linakuwa mgongoni na rangi zinatoka. Bahati yetu ni kwamba siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 jioni, mwamba umefunikwa na mwanga uko upande wako. Siku za maji mafu, bahari ikipanda kidogo tu, usijisumbue. Msimu wa kusi upepo wa mchana huchafua uso wa bahari, hapo bora asubuhi na vivuli vyako.

Ukitaka kuingia majini, kamera ndogo ya GoPro HERO7 Black iliyotumika inarekodi fremu 240 kwa ubora wa 1080p na inazama mita 10 bila kasha. Mfuko wa plastiki wa simu nao unafaa, ila ufunge ndani ya gari lenye kiyoyozi, hewa ikiwa kavu. Ukiufunga kwenye joto lenye unyevu, utapata ukungu ndani ukiingia majini. Kioo cha kamera kilambe kabla ya kupiga. Ndiyo, kwa ulimi. Mate hufanya maji yatandae badala ya kuganda kama matone. Ukitoka, suuza kwa maji baridi ya bomba kabla chumvi haijakauka, na usifute kwa fulana yenye mchanga. Droni sahau mpaka uwe na kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, weka mradi kwenye fremu 30 ndipo upunguze kasi. Acha kasi ya kawaida mtelezaji anapopiga mikono kulifuata wimbi, punguza pale tu mdomo wa wimbi unapoanza kuanguka, rudisha kabla hajadondoka. Sauti iliyopunguzwa kasi inanguruma vibaya, ifute. Rekodi dakika moja ya mawimbi kwa simu nyingine, umeipa upepo mgongo, na uitandaze chini ya video nzima.