Je, wajua kwa nini hasara moja humnyima mmoja usingizi na mwingine akalala?

Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na zikikatika mapema mtama na uwele hukaukia shambani. Wakulima wawili wa Chamwino wanaweza kupata hasara ileile, mmoja akakesha majuma mazima bila kumweleza mtu, na mwingine akahuzunika, akaenda kwa nduguye kutafuta ushauri, kisha akalala. Mambo mengi huchangia tofauti hiyo, lakini mojawapo huenda lilianza kabla wote wawili hawajajua kusema.

Mtoto mchanga hawezi kujituliza mwenyewe. Anaposhtuka, ubongo wake huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni ya kotisoli, moyo hudunda kwa kasi, na hali hiyo hushuka anapobebwa mgongoni kwa kanga, akahisi joto na kusikia sauti anayoijua. Jambo hili likirudiwa siku baada ya siku, mwili hujifunza kwamba hofu ina kikomo na kwamba mtu akiitwa huja.

Daktari Mwingereza John Bowlby ndiye aliyeijenga nadharia hii ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake, naye mwanasaikolojia Mary Ainsworth akaitafutia ushahidi hapa hapa Afrika Mashariki: mwaka 1954 na 1955 alizitembelea majumbani familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, Uganda. Aliona kwamba watoto ambao mama zao walizielewa vyema ishara zao ndio waliothubutu kutambaa mbali na kuchunguza mambo, wakirudi kwa mama walipoogopa.

Mtoto asiyeitikiwa anaweza kujifunza kukizima kilio chake. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mtoto wa namna hiyo, mama anapotoka chumbani, huonekana ametulia huku moyo wake ukienda mbio. Nami nahofia kwamba mara nyingi huyo ndiye tunayemsifu kuwa hasumbui. Ukubwani huenda akaficha shida zake vivyo hivyo.

Si lazima mwitikiaji awe mama. Bibi anayelea wajukuu wakati mama yuko mnadani hujenga uhusiano uleule, mradi awepo kila mara. Wala mambo hayafungwi utotoni: mwenzi mwaminifu, rafiki, au mshauri katika hospitali ya afya ya akili kama Mirembe, hapa Dodoma, anaweza kumfundisha mtu mzima kuomba msaada, polepole na kwa kurudiarudia, kama vile alivyojifunza kunyamaza.