Maana ya asilimia: uliza kwanza ni ya nini

Asilimia ni idadi ya sehemu katika kila mia. Asilimia 16 ni 16 ukigawanya kwa 100, yaani 0.16. Namba hiyo ikisimama peke yake haituelezi lolote, kwa sababu lazima iwe asilimia ya kitu fulani. Kitu hicho ndicho msingi, na hesabu nyingi huharibikia hapo.

Chukua muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, aliyenunua koti kwa shilingi 800 na kuliuza 1,000. Faida yake ni 200. Igawanye kwa bei ya kununulia, utapata asilimia 25. Igawanye kwa bei ya kuuzia, utapata asilimia 20. Majibu yote mawili ni sahihi mradi utaje msingi. Hatari huja mteja anapoomba apunguziwe. Muuzaji akijiambia, "Niliongeza asilimia 25, basi nikitoa asilimia 25 nitarudisha pesa zangu," atakuwa amejidanganya. Asilimia 25 ya 1,000 ni 250. Koti linaondoka kwa 750, na shilingi 50 za mtaji zimekwenda nalo. Punguzo la kumrudisha kwenye 800 lilikuwa asilimia 20 tu.

Kosa hilohilo huonekana kwenye risiti za VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango cha kawaida Kenya ni asilimia 16, nacho hutozwa juu ya bei ya kabla ya kodi. Bidhaa ikiuzwa 1,160 kodi ikiwemo, ukitoa asilimia 16 ya 1,160 utabaki na 974.40, bei ambayo haikuwahi kuwapo. Gawanya 1,160 kwa 1.16: bei ni 1,000, kodi ni 160.

Asilimia mbili zinapolinganishwa, mkanganyiko huzidi. Mwaka 2023 VAT ya petroli na dizeli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Ukitoa 8 kwenye 16 unapata alama 8 za asilimia. Lakini kiwango chenyewe kiliongezeka maradufu, yaani kwa asilimia 100. Na mlipaji je? Kitu cha shilingi 100 kabla ya kodi kilikuwa 108, kikawa 116. Nyongeza ya 8 juu ya 108 ni takriban asilimia 7.4. Anayetangaza mojawapo ya namba hizi bila kutaja msingi wake anamwacha msikilizaji akisie.