CPAP haikupumulii wala haikupi oksijeni

Mtu akipimwa, akaambiwa ana apnea ya usingizi, yaani pumzi humkatika akilala, akarudi nyumbani na CPAP, kisanduku chenye mpira na barakoa, habari huzunguka mtaa mzima kabla hajalala nacho usiku wa kwanza: "Mzee yule siku hizi analalia oksijeni." Wengine husema yuko kwenye mashine ya kupumulia, na hapo hushusha sauti, maana tangu korona ya 2020 maneno hayo yanatukumbusha wodi za wagonjwa mahututi na ndugu waliohangaika kutafuta mitungi. Majirani nawasamehe. Ila nimeshasikia hata wauzaji wa vifaa vya hospitali wakichanganya mashine tatu tofauti, CPAP, konsentreta ya oksijeni na mashine ya kupumulia, kana kwamba ni moja, na hilo limenishinda kunyamazia.

Apnea yenyewe haina maelezo marefu. Ukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kupita kiasi, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zikaziba njia ya hewa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hakipati kitu. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anakurupuka kidogo bila kujua, anavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, usingizi unamchukua, koo linaziba upya. Kipimo cha usingizi huhesabu matukio hayo kwa saa, pamoja na yale ambayo hewa imepungua tu bila kukatika: kuanzia 5 apnea ni ndogo, kuanzia 15 ni ya wastani, kuanzia 30 ni kali. Mwenye 30 anakatizwa usingizi kwa wastani kila dakika mbili, halafu tunashangaa kwa nini anasinzia akiwa kwenye usukani. Ipo pia apnea ambayo koo liko wazi ila ubongo hautoi amri ya kupumua; hiyo ina matibabu yake, tuiache.

Sasa angalia kasoro iko wapi. Mapafu yanaweza kuwa mazima kabisa, na hewa chumbani ipo tele. Kilichofungwa ni njia. CPAP, ambayo wengi huitamka sipapu, inashughulika na njia tu. Ndani ya kisanduku kuna feni ndogo inayovuta hewa ya humo humo chumbani, ikaichuja na kuisukuma puani kupitia mpira. Hewa hiyo ina oksijeni asilimia 21, sawa na anayovuta mwenzako aliyelala pembeni. Shinikizo lake ndilo linalozuia kuta za koo zisikutane. Kuvuta pumzi na kuitoa ni kazi yako mwenyewe.

Na shinikizo lenyewe si la kutisha. Hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20. Zamisha mrija wa soda kwenye maji kina cha sentimita 10, upulize mpaka mapovu yaanze kutoka chini: hiyo ndiyo 10. Ni kama asilimia moja tu ya shinikizo la hewa inayotuzunguka kila siku.

Anayebisha na atazame ilivyoanza. Kabla ya CPAP, mwenye apnea kali alikuwa akitobolewa tundu shingoni, chini ya mahali panapoziba, apumulie hapo usiku. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alichukua mota ya aina inayotumika kwenye mashine za kufyonza vumbi, akaifanya ipulize badala ya kuvuta, akaiunganisha na barakoa ya pua. Mwaka 1981 yeye na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet: wagonjwa 5 wenye apnea kali, shinikizo kati ya sentimita 4.5 na 10, na kila mmoja akalala usiku kucha bila koo kuziba. Mota na hewa ya kawaida vilitosha. Mtungi wa oksijeni haukuwa na kazi pale.

Kosa la kuichanganya na oksijeni lina chanzo chake, na nakubali ni chanzo cha heshima. Miaka 10 kabla ya Sullivan, mwaka 1971, George Gregory na wenzake wa San Francisco walikuwa wametangaza kutumia shinikizo la namna hii kwa watoto wachanga wenye shida ya kupumua. Mpaka leo, wodi za watoto njiti, za Kenya na Tanzania zikiwemo, zina CPAP ya mapovu, ambayo ncha ya mpira wake huzamishwa kwenye chupa ya maji. Pale tatizo liko ndani ya mapafu: vifuko vya hewa hujikunja kwa sababu havijapata utelezi wa kuvizuia visishikamane, na mara nyingi hewa huchanganywa na oksijeni. Mama aliyekaa siku nyingi kando ya chupa ile ana haki ya kusikia CPAP akafikiria oksijeni. Jina ni moja, shida ni mbili.

Konsentreta je? Hiyo huondoa naitrojeni hewani na kukupa oksijeni iliyokolea, ila haifungui koo. Mpe mwenye apnea oksijeni peke yake, namba ya kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni inaweza kupanda na kila mtu akafurahi, huku koo likiendelea kuziba na usingizi ukiendelea kukatika. Kwa wengine mkato wa pumzi hurefuka zaidi. Wapo wanaohitaji vyote viwili, na hapo daktari huagiza oksijeni iingizwe kwenye mpira wa CPAP. Mashine ya kupumulia ya wagonjwa mahututi ni habari nyingine: yenyewe husukuma pumzi ndani, mara nyingi kwa mpira uliopitishwa mpaka kwenye koromeo. Katikati yao kuna BiPAP, yenye shinikizo kubwa unapovuta na dogo unapotoa.

Sing'ang'anii jambo hili kwa kupenda ubishi. Aliyeaminishwa kwamba mashine ndiyo inampumulia mumewe hukesha akiogopa umeme kukatika. Ukikatika, mgonjwa hurudi alivyokuwa kabla ya kupewa mashine: atakoroma, atashtuka, atavua barakoa. Zile za kufunika pua na mdomo zina vali inayofunguka kuruhusu hewa ya chumbani. Na anayedhani ndani yake mna oksijeni akisikia upepo ukivuma kwenye matundu madogo ya barakoa, hudhani inavuja, akayabandika plasta isipotee. Matundu hayo ni ya kutolea hewa uliyokwisha kuipumua. Yasizibwe. Kinachotakiwa kurekebishwa ni upepo unaopenya pembeni na kukausha macho. Hapo tatizo ni mikanda au saizi ya barakoa.

Mashine iliyotumika, ile anayoituma shemeji kutoka Ulaya au Marekani, huja na shinikizo lililopangwa kwa koo la mtu mwingine, kwa hiyo ipelekwe kwa daktari ipangwe upya. Kama ni ya Philips, iulizwe namba yake ya utambulisho, kwa sababu Juni 2021 kampuni iliita mamilioni ya mashine zirudishwe kutokana na sponji ya ndani iliyokuwa ikichakaa.

Limebaki moja ninalolisikia kwa wanaoanza, tena kwa hofu ya kweli: eti ukizoea hutaweza tena kupumua bila mashine. Hapana, ndugu yangu. CPAP haikulegezi koo na haikuponyi. Inalishikilia wazi kwa saa ulizoivaa. Ukiiacha, apnea yako hurudi ile ile uliyoenda nayo kupimwa. Ikitokea umepungua mwili sana, rudi upimwe, maana huenda shinikizo ulilopangiwa limeshakuwa kubwa kuliko unavyohitaji.