Kupanga upya kromatini si kubadilisha DNA

Kila ikitajwa kwamba seli T (chembe za kinga ya mwili) "zimepangwa upya", hakosekani wa kueleza kuwa DNA yao imebadilika. Haikubadilika.

Kromatini ni DNA pamoja na protini zinazoifunga, hasa histoni. Seli moja ya binadamu ina DNA ya takriban mita 2, nayo huenea ndani ya kiini kwa kuzungushwa, jozi 147 hivi za herufi kwenye kila fungu la histoni 8. Iliyobanwa sana haisomeki. Kupanga upya ni kazi ya makundi ya protini, mojawapo likiitwa BAF, yanayotumia nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) kusogeza au kung'oa mafungu hayo ili sehemu fulani isomeke au isisomeke. Basi, ni hivyo tu.

Chanzo cha mkanganyiko nakielewa, maana seli T kweli hukata DNA yake. Lakini hilo hutokea ingali changa, ndani ya thimasi (tezi iliyo kifuani): vimeng'enya vya RAG hukata na kuunga vipande vya jeni za kipokezi (protini ambayo seli T hutambulia adui), na kilichokatwa hakirudi. Mkato huo ndio unaoamua seli itatambua nini. Kromatini huamua jambo jingine kabisa: ikishatambua, itafanya nini. Seli mbili zenye kipokezi kilekile na DNA ileile herufi kwa herufi zaweza kuachana njia, moja ikafungua eneo la jeni ya interferoni gama (protini ya kupelekea ishara) ikapambana na vijidudu vilivyojificha ndani ya seli, nyingine ikafungua la interlukini 4, protini nyingine ya ishara. Ya tatu ikiiweka wazi jeni ya FOXP3 huwa mtulizaji wa wenzake. Jeni hiyo ikirithiwa na kasoro (hapo ndipo DNA yenyewe ina kosa) huja ugonjwa wa IPEX, mwili ukajishambulia.

Wala mpango wa kromatini si mwepesi kugeuka. Dawa za kuzuia PD-1 (protini iliyo kama breki ya seli T) huziamsha seli T zilizochoka kwa maambukizi sugu au saratani, ila kromatini yao kwa sehemu kubwa hubaki ileile ya uchovu.

Kwa hiyo ni afadhali kusema matumizi ya DNA yamebadilika, na kutaja eneo lililofunguka. "Imefunguka" peke yake haitoshi, kwani seli iliyochoka nayo ina maeneo yaliyo wazi, likiwemo la PD-1 yenyewe.