Leo mwezi ngapi? Hesabu ya bamvua inayofundishwa nyumbani

Ukimuuliza bibi wa Jambiani, Paje au Bwejuu kesho maji yanatoka saa ngapi, hatakutajia saa. Atakuuliza: "Kwani leo mwezi ngapi?" Usidhani anakwepa swali. Ameshaanza kupiga hesabu, na tarakimu moja tu ndiyo inayomkosa: leo ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Mwezi mosi ni siku ya kwanza, mwezi pili ni ya pili, na kuendelea.

Kazi yangu ni vipimo vya bahari. Bandari ya Zanzibar ina kipimo kinachorekodi kupanda na kushuka kwa maji tangu miaka ya 1980, na kutokana na kumbukumbu za namna hiyo programu ya kompyuta huchambua mivuto mingi midogo midogo, kila mmoja na mwendo wake, kisha huijumlisha ikapata saa ya kesho na ya mwakani. Ni kazi nzuri na inalipa karo. Lakini mgongo wa hesabu hiyo niliupata kwa mama kabla sijajua kugawanya, na ndio ninaowapa wanangu sasa, kabla hawajakutana na ule mchoro wa darasani wenye duara tatu za jua, mwezi na dunia.

Mama alikuwa mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilishika kibiashara upande wetu wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, na kikabadilisha saa za nyumba nyingi. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi, mahali ambapo maji yakipwa sana mtu anaweza kusimama na kufanya kazi. Yasipopwa sana, hakuna kazi. Kwa hiyo kulikuwa na siku mama alitoka saa mbili asubuhi na kurudi saa saba au saa nane, ndoo kichwani na kanga imelowa hadi kiunoni, na sisi chakula cha mchana tukakila karibu na alasiri. Halafu zikaja siku nyingine yuko nyumbani asubuhi kutwa, na wali unaiva mapema. Hakuna aliyetuketisha kutufundisha. Tumbo lilijifundisha lenyewe kwamba siku za njaa zinakuja kwa kundi, zinaondoka, na baada ya wiki mbili zinarudi tena.

Hizo ndizo siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Huja na mwezi mwandamo, kisha na mwezi mpevu. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu. Upande wa mjini Unguja, maji ya bamvua hushuka karibu mita 4 toka yanapojaa hadi yanapopwa. Maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo.

Hayo yamo vitabuni. Ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha shule, na ambalo kila mtoto wa pwani analijua kwa miguu yake, ni kwamba bamvua lina saa zake. Kwetu hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, likajaa saa kumi au saa kumi na moja jioni, na usiku vivyo hivyo. Hutapata bamvua la Unguja linalopwa saa kumi na moja jioni, si mwaka huu wala mwaka wa wajukuu zako. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa mnamo saa tano, hupwa mnamo saa kumi na moja.

Kwa nini? Bahari inavutwa na wawili. Mwezi una nguvu zaidi kwa sababu uko karibu. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali, na uwezo wake wa kuinua maji haufiki hata nusu ya ule wa mwezi. Sasa angalia tabia zao. Jua halichelewi, kwani saa zenyewe tumezipima kwalo. Maji yanayoinuliwa na jua peke yake yangejaa kwenye saa ile ile kila siku ya Mungu, na kwa pwani yetu saa hiyo ni kama saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Mwezi ndio mchelewaji. Unaizunguka dunia, kwa hiyo dunia ikishamaliza mzunguko wake mmoja hulazimika kugeuka kidogo zaidi ndipo imkute mwenzake alipo. Hapo zinapotea kama dakika 50 kila siku.

Ni kama watu wawili wanaovuta ngarawa moja kuipandisha pwani: mmoja anavuta kwa saa ile ile kila siku, mwenzake kila siku anachelewa kidogo. Siku wanayokutana kwenye kamba, ngarawa inapanda juu kabisa, na lazima iwe kwenye saa ya yule asiyechelewa. Ndiyo maana bamvua halihami saa. Ni mwezi unaolifuata jua kwenye saa yake. Mwezi ukiwa nusu, mmoja anavuta kwenda juu na mwenzake anavuta kwenda chini, na hayo ndiyo maji mafu.

(Kuhusu kujaa mara mbili kwa siku: upande wa dunia unaoukabili mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na upande wa nyuma huvutwa kidogo kuliko kitovu. Maji hutuna pande zote mbili, nasi tunapita chini ya zote mbili kila siku.)

Jambo moja linawasumbua wanafunzi wanaoanza na mchoro. Bamvua kubwa haliji siku ile ile ya mwezi mwandamo wala ya mwezi mpevu. Huchelewa siku moja au mbili, kwa sababu bahari ni nzito na ina kina na kingo zake, haiitikii papo hapo. Mama hakuhitaji maelezo hayo. Yeye alisema tu mwezi pili na mwezi tatu ndiyo siku za kwenda mbali, na kwa mwezi mpevu ni kumi na sita na kumi na saba.

Watoto wa mjini wanayo hesabu hii bila kujijua. Idi ndogo ni mwezi mosi, kwa hiyo ni bamvua, kwa hiyo jioni maji yamejaa. Vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani siku ya Idi baada ya alasiri huyakuta maji yako juu, mwaka wowote, iwe Idi imeangukia Aprili au Desemba. Idi kubwa ni mwezi kumi, na maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye mafu. Mwanangu mkubwa nilimwachia fumbo hilo: kwa nini Idi hii maji yamejaa jioni na ile yamejaa mchana? Akakaa na kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni, akahesabu dakika 50 mara tisa, akapata jawabu karibu na ukweli. Shuleni hesabu za kuzidisha hazimpendezi hata kidogo.

Kwa mdogo wake, vijiti ndivyo vilivyofaa. Tulianza mwezi nane. Kila siku maji yakishajaa tulichomeka kijiti pale yalipoacha takataka: vipande vya mwani, majani, vifuu. Hadi mwezi kumi na sita vijiti vilikuwa vimepanda ufukwe kama ngazi. Siku za mwanzo vilibanana, katikati vikaachana kwa hatua kubwa, mwisho vikabanana tena. Mchoro huo huo mimi kazini huuona kwenye skrini.

Pwani yenyewe inahitaji mtu wa kukuonyesha. Shangazi yangu ni mchokoaji wa pweza, na humpeleka mtoto mwambani kwa sharti moja: atazame chini kwanza. Tundu lenye pweza lina taka mlangoni, maganda ya kaa na maganda mapya ya kombe yasiyoota kitu, na vijiwe ambavyo bahari haikuvipanga hivyo. Tundu lenye mchanga laini mlangoni limehamwa. Hilo ni somo la kwanza. Somo la pili ni nyasi za bahari. Maji yakiwa bado yanatoka, nyasi zimelalia upande wa bahari kuu. Zikisimama wima, maji yametulia. Zikianza kulalia upande wa nchi kavu, huna muda wa kubishana.

"Shangazi, mbona maji bado yako kwenye kifundo?"

"Ya hapa ndiyo yako kwenye kifundo. Ya mlangoni huyaoni."

Yuko sahihi, na afadhali kila mgeni anayekodi baiskeli kutembea pwani yetu angeambiwa. Maji hayarudi yakiwa safu moja toka mbele. Huingia kwanza kwa milango na mikondo ya mwambani, yakazunguka nyuma yako, huku pale uliposimama bado pakavu. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda kidogo mno, lakini saa ya tatu na ya nne peke yake huleta nusu nzima. Kwa bamvua la mita 4 hizo ni mita 2 ndani ya saa mbili. Anayesema "nitatoka yakifika magotini" amechelewa.

Pemba, Kisiwa Panza, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Pweza hukua haraka na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo kungoja huko kunalipa. Siku ya kufungua nayo hutafutwa kwenye bamvua, mwamba unapokauka mbali.

Hesabu ya bibi ina mipaka yake, na ni vizuri mtoto aijue mapema. Zile dakika 50 ni wastani tu. Kwenye bamvua maji huchelewa kidogo kuliko hapo toka siku hadi siku, na kwenye maji mafu huruka zaidi ya saa nzima. Ndiyo maana wavuvi utawasikia wakilalamika kwamba maji mafu hayashikiki. Na hesabu ni ya pwani yetu. Toka Lamu hadi Mtwara saa hazipishani sana, unaweza kuitumia bila wasiwasi. Lakini ndugu zetu wa Muscat wasiibebe kama ilivyo. Kule bamvua lina saa nyingine, na maji mawili ya kujaa ya siku moja hayalingani: moja linakuja juu, la pili linabaki nyuma. Binamu zangu wa huko wanaponipigia kuuliza, nawaambia wafungue jedwali la bandari yao.