Kuchaji ndani ya kabini: tanboi anasingiziwa

Alfajiri pale Salgaa, kituo cha malori, ukungu haujainuka, utasikia lori likikohoa mara mbili kisha kimya. Dereva anageuka kwa tanboi, msaidizi wake wa safari: "Wewe ndiwe ulilala na simu kwenye chaja?" Kijana anainamisha kichwa. Hana hatia, na hesabu inamtetea.

Dhana: simu ikichajiwa usiku, lori haliwaki asubuhi.

Malori mengi ya huku yana betri mbili za volti 12, zimeungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kupata volti 24. Zikiwa za ampea-saa 150 na zimejaa, zimebeba umeme wa wati-saa 3,600, yaani volti mara ampea-saa. Simu yenye betri ya mAh 5,000 huhitaji wati-saa 25 hivi kujaa, pamoja na zinazopotea kama joto kwenye chaja. Hiyo haifiki hata asilimia moja ya mzigo wote. Mchaji simu zenu wawili, mkopeshe na jirani, lori litawaka.

Mnywaji wa kweli ni taa ndogo zinazoachwa zikiwaka usiku kucha. Trela yenye balbu ishirini za wati 5 hula wati 100. Kwa saa kumi ni wati-saa 1,000, zaidi ya robo ya betri mpya. Sasa fikiria betri ya miaka minne, tena umelala Timboroa ambako baridi yenyewe huipunguzia nguvu. Sisemi uzime taa ukiwa umekwama kwenye lami usiku, watu watakuingia nyuma. Nasema usimgombeze mtoto wa watu. Na kama kuna inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, iliyosahauliwa ikiwa imewashwa, hata bila kitu kilichochomekwa huendelea kunywa polepole, na foleni ya mpakani Malaba inaweza kuchukua siku nzima.

Dhana: soketi ya laita ni ileile, iwe ya Probox au ya trela.

Tundu linafanana, umeme haufanani. Probox, gari dogo, ni volti 12. Trela ni 24, na injini ikiwaka alteneta, mashine inayochaji betri, huipandisha hadi 28 hivi. Pampu ya kujaza upepo matairi au chaja ya volti 12 tupu ukiichomeka hapo, utasikia harufu kabla hujaona moshi. Chaja nzuri ya simu huandikwa 12–24V ubavuni. Maandishi ni madogo kweli, lakini washa tochi usome. Lori jingine huwa na soketi mbili, moja ya 12 na moja ya 24, na tofauti yao imeandikwa kwenye kifuniko ambacho kwa kawaida kilipotea zamani. Mita ya fundi itakwambia kwa sekunde moja.

Hapa ndipo huingia ujanja unaopendwa na mafundi wetu wengi wa waya: unataka volti 12 za redio au chaja, basi wanavuta waya kutoka betri moja tu. Ujanja huo unafanya kazi, ndiyo. Lakini betri hiyo inanyonywa na mwenzake anapumzika, halafu alteneta inazichaji kama pacha. Iliyonyonywa haijai, iliyopumzika inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yake yanakauka. Baada ya miezi unanunua zote mbili na kulaumu duka. Kinachotakiwa ni kibadilishi cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachovuta kutoka zote mbili kwa pamoja.

Dhana: mradi una inveta, unaweza kuchemsha chai.

Hii imeletwa na video za madereva wa Marekani wanaopasha chakula kwa maikrowevu. Lori la Freightliner huwa na umeme wa volti 12, betri kadhaa zilizoungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), na inveta kubwa iliyofungwa kwa kebo nene moja kwa moja kutoka kwenye betri. Wewe umechomeka kwenye laita.

Ajabu ni kwamba kuchemsha lita moja ya maji hakuli betri sana, ni kama wati-saa 100. Tatizo ni kasi ya kuzivuta. Birika la wati 1,000 kwenye volti 24 huvuta ampea 42, na inveta inaongeza zake. Fyuzi ya soketi ya laita kwa kawaida ni kati ya ampea 10 na 20. Inakatika. Sasa mtu anaifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, chai inachemka, na anajiona fundi. Fyuzi haikuwekwa kulinda birika, iliwekwa kulinda waya unaopita nyuma ya dashibodi, karibu na sponji na plastiki. Ukiiziba, waya ndio unakuwa fyuzi. Kwa chai, mama wa kibanda yuko hapo nje.

Dhana: stima ya inveta haiumi kwa sababu imetoka kwenye betri.

Inatoka ikiwa volti 240, sawa na ya nyumbani. Inaua.

Ukitaka kujua kama utawaka asubuhi, zima injini, acha betri zitulie saa kadhaa, kisha pima. Zote mbili kwa pamoja zikisoma volti 25.4 zimejaa. Karibu 24.3 ziko nusu. Zikisoma 24 kamili na bado hujalala, mpigie fundi saa hiyohiyo, maana saa kumi alfajiri hatashika simu.