Bahari ya Aral haikukaushwa na ukame tu
Hapa Dar es Salaam wengi huamini Bahari ya Aral, kule Asia ya Kati, ilikaushwa na ukame. Joto limechangia, lakini chanzo kikuu ni kuchepushwa kwa maji ya mito inayoilisha, Amu Darya na Syr Darya. Kuanzia miaka ya 1960 maji ya mito hiyo yalielekezwa kwa wingi kwenye mashamba ya pamba, tena kwa mifereji ya udongo mtupu, mengi yakanywewa na ardhi njiani. Bwawa la Kokaral lilipokamilika mwaka 2005, maji ya Syr Darya yakazuiwa yabaki upande wa kaskazini wa bahari hiyo. Huko kina kikapanda, samaki wakarudi. Jua lilikuwa lile lile!

Fungua picha za setilaiti kwenye simu, linganisha miaka, kisha fuata mito hadi mashambani. Hata mto Ruvu tunaoutegemea, tuuangalie hivyo: nani anachota huko juu?